Ibn Nafis: Faqihi na Tabibu Aliyeijua Njia ya Damu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu mwanafunzi, weka mkono wako upande wa kushoto wa kifua chako. Unachokisikia kikidunda ni moyo, na kwa siku moja hudunda kiasi cha mara laki moja. Kila pigo linasukuma damu: nyingine inakwenda mwilini na nyingine inakwenda kwenye mapafu. Jambo hili leo linafundishwa shuleni kama somo la kawaida, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu wakubwa wa dunia walilikosea. Wa kwanza anayejulikana kuandika kwa usahihi njia ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi alikuwa Mwislamu, mwalimu wa fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu ambayo wengi wetu wa pwani hii ya Afrika Mashariki tunayafuata. Huyo ni Ibn Nafis.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake kamili ni Alaa-Din Abul-Hasan Ali bin Abil-Hazm Al-Qarshi Ad-Dimashqi. Alizaliwa katika nchi ya Sham, Damascus au kijiji cha jirani yake, takriban mwaka 1213 Miladia. Alikulia katika mji uliokuwa na misikiti, madrasa na wanavyuoni wengi, akasoma lugha, Hadithi na fiqhi kama walivyosoma vijana wa zama zake.

Damascus kulikuwa na hospitali kubwa iliyoitwa Bimaristani An-Nuri, aliyoijenga Sultani Nurud-Din Zangi mwaka 1154. Hospitali ile ilikuwa ya wakfu. Wagonjwa walitibiwa humo, na wanafunzi walisoma utabibu wakiwa pembeni ya vitanda vya wagonjwa. Mwalimu aliyesifika hapo alikuwa Ad-Dakhwar, ambaye aliiweka wakfu nyumba yake mwenyewe iwe shule ya utabibu. Ibn Nafis alikuwa mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho.

KUHAMIA MISRI

Mwaka 1236 Ibn Nafis alihamia Cairo. Huko alifanya kazi katika hospitali, akapanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Ametajwa pia kuwa tabibu wa Sultani Baybars. Wakati huohuo hakuacha elimu ya dini. Alifundisha fiqhi katika Madrasa ya Masruriyya, akaanza kuandika sherehe ya kitabu cha fiqhi cha Tanbih cha Imamu Shirazi, na akaandika pia juu ya elimu ya Hadithi. Ndiyo maana Imamu Tajud-Din Subki, alipoandika kitabu chake kikubwa cha tabaka za wanavyuoni wa Kishafi, alimwingiza Ibn Nafis katika orodha hiyo.

Wanahistoria wanasimulia kuwa alipotaka kuandika, kalamu nyingi zilichongwa na kuwekwa tayari mbele yake. Alielekea ukutani na kuandika kutoka kichwani mwake bila kufungua kitabu. Kalamu ikichakaa aliiweka kando na kuchukua nyingine ili asipoteze muda wa kuchonga. Inasimuliwa pia kuwa siku moja alikuwa hamamuni anaoga, likamjia wazo kuhusu mapigo ya mshipa. Alitoka akiwa bado hajamaliza, akaomba kalamu, wino na karatasi, akaandika risala nzima, kisha akarudi kumalizia kuoga.

KOSA LA MIAKA ELFU MOJA

Ili tuufahamu ukubwa wa kazi yake, tuangalie kwanza matabibu walikuwa wakiamini nini. Katika karne ya 2 Miladia aliishi tabibu wa Kigiriki aitwaye Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Yeye alifundisha kuwa ukuta uliopo kati ya upande wa kulia na upande wa kushoto wa moyo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba damu huchuja kupitia vitundu hivyo kutoka kulia kwenda kushoto. Matabibu waliokuja baada yake waliipokea kauli hiyo. Hata Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye kitabu chake cha Qanun kilikuwa tegemeo la vyuo vingi vya utabibu, aliifuata.

Ibn Nafis aliiheshimu sana Qanun, akaiandikia sherehe na muhtasari. Lakini alipofika kwenye sehemu ya maumbile ya mwili alisimama na kupima. Katika kitabu chake cha sherehe ya sehemu hiyo, ambacho nakala yake ya zamani ina tarehe ya mwaka 640 Hijria, yaani 1242 Miladia, alieleza kuwa ukuta ule ni mnene na umeziba. Hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Basi, ikiwa damu haipiti hapo, inapita wapi? Akaeleza kuwa damu hutoka chumba cha kulia cha moyo kwa mshipa mkubwa mpaka kwenye mapafu, huko huenea na kuchanganyika na hewa, kisha hurudi kwa mshipa mwingine mpaka chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa baina ya mishipa hiyo miwili ndani ya mapafu lazima ziwepo njia ndogo za kupitishia damu.

Wakati huo hapakuwa na darubini ya kuonea vitu vidogo. Njia hizo nyembamba zilikuja kuonekana mwaka 1661, pale Malpighi wa Italia alipoyachunguza mapafu ya chura kwa darubini. Hiyo ni zaidi ya miaka 400 baada ya kitabu cha Ibn Nafis kuandikwa.

Kulikuwa na masahihisho mengine mawili. Kwanza, alikataa kauli ya kuwa moyo una vyumba vitatu vikubwa, akasema ni viwili. Pili, alikataa kuwa nyama ya moyo hulishwa na damu iliyomo ndani ya chumba chake cha kulia. Alisema hulishwa na damu ya mishipa iliyotawanyika ndani ya nyama yenyewe ya moyo. Wazazi wetu wasidhani hili ni jambo dogo. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayoziba kwa mafuta na kumletea mtu mshituko wa moyo, na miongoni mwa sababu zake ni tumbaku, presha na kisukari.

TUSEME UKWELI BILA KUZIDISHA

Baadhi yetu tukisikia habari kama hizi hujawa na furaha mpaka tukapita mpaka. Utamsikia mtu akisema kuwa Ibn Nafis aligundua mzunguko wote wa damu na kwamba wengine wote waliiba tu. Hilo si sahihi, na uadilifu ni wajibu kwa Mwislamu hata anapomsifu mtu wa dini yake.

Alichokieleza Ibn Nafis ni safari ya damu kati ya moyo na mapafu. Mzunguko wa damu katika mwili mzima ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628, kwa vipimo na majaribio. Ibn Nafis mwenyewe bado aliamini kama wenzake kuwa damu hutengenezwa kwenye ini. Huko Ulaya, Servetus aliandika juu ya njia ya mapafu mwaka 1553 na Colombo mwaka 1559. Wataalamu wanahitilafiana kama habari za Ibn Nafis ziliwafikia au hazikuwafikia.

Vilevile Ibn Nafis alieleza katika dibaji ya kitabu chake kuwa sheria na huruma vilimzuia kupasua maiti. Wapo wanaoona kuwa aliyajua aliyoyajua kwa kusoma, kulinganisha na kufikiri, na wapo wanaoona kuwa maelezo yake ni ya mtu aliyeuona moyo uliofunguliwa.

KUSAHAULIWA NA KUKUMBUKWA

Jambo la kusikitisha ni kuwa ugunduzi huu ulilala. Vitabu vyake vingine vilisomwa sana, hasa muhtasari wake wa Qanun uitwao Mujaz, lakini habari ya damu na mapafu ilibaki ndani ya nakala chache za mkono. Mwaka 1924 daktari wa Kimisri aitwaye Muhyid-Din At-Tatawi, akiwa anasoma katika Chuo Kikuu cha Freiburg nchini Ujerumani, aliikuta nakala ya kitabu hicho katika maktaba ya Berlin. Aliisoma, akaielewa, na akaandika tasnifu yake juu yake. Hapo ndipo dunia ilipojua. Hazina ilikuwepo kwa lugha ya Kiarabu, ikimsubiri mtu anayekijua Kiarabu na utabibu kwa pamoja.

KUFARIKI KWAKE

Katika uzee wake Ibn Nafis alianza kuandika kitabu kikubwa cha utabibu, Ash-Shamil, alichokikusudia kifike majalada 300. Alikamilisha majalada 80. Alipougua maradhi yake ya mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa. Alikataa. Hakutaka kukutana na Mola wake hali ya kuwa tumboni mwake mna pombe. Alifariki Cairo siku ya Ijumaa, mwezi wa Dhulqaada mwaka 687 Hijria, sawa na Desemba 1288.

Kabla ya kufa aliiweka nyumba yake pamoja na vitabu vyake vyote kuwa wakfu kwa Hospitali ya Mansuri. Hospitali hiyo ilijengwa na Sultani Qalawun na kukamilika mwaka 1284, nayo iliwapokea matajiri na mafakiri, wanaume na wanawake.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, elimu ya dini na elimu ya kutibu wagonjwa zilikaa katika kifua cha mtu mmoja bila kugombana. Kila mwaka tunaona vijana wakiiaga madrasa mara tu wanapoingia sekondari, kwa hoja kuwa masomo ya sayansi ni mengi. Wengine huachishwa shule kwa hoja kuwa dini inatosha. Ibn Nafis ni hoja dhidi ya wote wawili.

Pili, kumheshimu mwalimu hakuna maana ya kulibeba kosa lake. Ibn Nafis aliisherehesha Qanun kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo akasema mahali fulani hapako sawa. Hakumtukana Ibn Sina wala Jalinus. Alileta dalili.

Tatu, elimu isiyosomwa hulala. At-Tatawi aliikuta kwa sababu alikuwa na lugha. Mwanafunzi anayelalamika kuwa nahau ni ngumu na akumbuke nakala ile ya Berlin.

Nne, amali njema inayobaki baada ya kifo si lazima iwe msikiti. Vitabu vilivyowekwa wakfu hospitalini ni sadaka inayoendelea.

Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu Ibn Nafis, awalipe kheri walimu wetu na wazazi wetu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.