Imam Bukhari: Msomi aliyekataa kuitwa ikulu

Hebu angalia simu yako. Ile fowadi ya jana usiku, unajua nani aliianzisha? Ulitumiwa na binamu, binamu aliitoa kwa grupu ya mtaa, na zaidi ya hapo ni giza tupu.

Sasa kuna jamaa alizaliwa mwaka 810 mjini Bukhara, Uzbekistan ya leo, na swali hilo ndilo lililomla maisha yake yote. Muhammad bin Ismail, ila dunia inamjua kama Imam Bukhari. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mamake. Akiwa na miaka 16 hivi walienda Makka kuhiji pamoja na kakake. Wenzake wakarudi nyumbani. Yeye akabaki kusaka elimu.

Kutoka hapo ikawa ni safari tu: Madina, Basra, Kufa, Baghdad, Misri, Sham. Na usidhani ni mambo ya basi la usiku! Kila akisikia hadithi ya Mtume, alitaka majina. Wewe umeisikia kwa nani? Naye aliipata kwa nani? Hao wawili walikutana kweli, ama waliishi tu enzi moja? Mpokezi akijulikana kwa uongo au kumbukumbu mbovu, hadithi yake inaachwa nje. Alichuja hivyo miaka 16. Inasimuliwa kwamba alianza na hadithi 600,000 hivi. Kitabu chake, Sahih al-Bukhari, kina 7,000 na kitu, na hapo nyingi zimerudiwa.

Lakini mimi hunishika zaidi pale mwishoni. Amerudi Bukhara, ni mzee mwenye jina, na gavana anataka aje ikulu awafunze watoto wake peke yao. Wengi wetu tungeuliza tu gari linakuja saa ngapi. Bukhari akakataa: anayetaka elimu aje akae darasani na wengine. Gavana hakuichukulia poa, na mzee akatimuliwa mji aliozaliwa.

Alifia Khartank, kijiji karibu na Samarkand, usiku wa kuamkia Idi, mwaka 870. Kaburi lake liko huko huko. Kitabu nacho, ingia darsa Mombasa au Lamu leo, utakikuta kinasomwa, majina ya wapokezi yakitajwa moja baada ya jingine.