Frank Whittle, fundi aliyeiondoa pistoni kwenye ndege

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mstari huo unapita wilaya ya Kilosa. Watu wa Mvumi (tunasema Mvumi ya Kilosa, si ile ya Dodoma yenye hospitali) wamezoea kuinua macho. Ipo ndege ya panga mbili inayonguruma. Ipo ya jeti inayopita juu zaidi kwa mvumo wa upepo. Na ukifika Mikumi, kwenye uwanja mdogo ndani ya hifadhi, hutua vindege vya watalii vyenye panga moja puani.

Wengi hudhani vile vya panga vina injini kama ya pikipiki, ila kubwa. Nyingi ya ndege hizo hazina pistoni hata moja. Injini zake na zile za jeti ni za ukoo mmoja, na katika ukoo huo jina la Frank Whittle halikwepeki.

Alizaliwa Juni 1, 1907 katika mji wa Coventry, Uingereza. Baba yake, Moses, alikuwa fundi mitambo aliyenunua karakana ndogo mji wa jirani, Leamington Spa. Humo ndimo mtoto alipojifunza kushika vyuma. Biashara ilipoyumba, familia iliondolewa kwenye nyumba iliyokuwa ikiishi. Kijana akawa anashinda maktaba ya mji, akisoma habari za ndege na za mitambo ya turbini.

Akiwa na miaka 15 aliomba kuingia jeshi la anga. Mtihani alifaulu, kwa daktari akakwama: alikuwa na kimo cha sentimita 152 tu, na kifua chembamba. Mkufunzi mmoja wa mazoezi akampangia chakula na mazoezi, na baada ya miezi sita alikuwa ameongezeka karibu sentimita 8. Aliporudi akaambiwa kwamba aliyekwisha kataliwa haombi tena. Basi akaomba upya kama mtu ambaye hajawahi kuonekana pale, na mwaka huohuo, 1923, akapokelewa kuwa mwanafunzi wa ufundi huko Cranwell. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa kusomea uofisa na urubani.

Mwaka 1928, katika insha ya kumaliza mafunzo, aliandika juu ya jambo lililomsumbua. Ndege inayotaka kwenda mbali kwa kasi lazima ipande juu sana, mahali hewa ilipo nyepesi na haiikwamishi. Lakini huko juu injini ya pistoni hukosa pumzi na panga hukosa hewa ya kushika. Suluhisho lilimjia mwaka 1929, akiwa na miaka 22: kuachana na pistoni na panga vyote viwili.

Tuanze na pikipiki, maana kila mtu ameisikia ikiwaka. Ndani ya silinda mambo manne hufuatana: kunyonya hewa na mafuta, kuvibana, kuvilipua, kisha kutoa moshi. Hufanyika mahali pamoja kwa zamu, pistoni ikipanda na kushuka. Injini ya Whittle hufanya yote manne kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake. Mbele, kompresa inavuta hewa na kuibana. Katikati, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yanamwagwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka bila kuzima. Gesi ya moto inakimbilia nyuma, na njiani inazungusha gurudumu la visu, ndiyo turbini. Turbini imeunganishwa kwa mhimili na kompresa, kwa hiyo ndiyo inayoizungusha. Gesi inayobaki inatoka nyuma kwa kasi, nayo injini inasukumwa mbele pamoja na ndege yake. Puto ulilopuliza ukaliachia bila kulifunga hukimbia kwa sababu hiyohiyo.

Wizara ya Anga haikuvutiwa. Wataalamu wake waliona kwamba hakuna chuma cha kustahimili joto hilo huku kikizunguka hivyo, na kwa vyuma vya siku zile hawakuwa wajinga. Whittle alisajili hataza yake Januari 1930. Ilipofika 1935 ada ya kuihuisha ilikuwa pauni 5. Wizara ilikataa kulipa, na yeye, akiwa na mke na watoto wawili wadogo, hakuwa nazo. Haki ikapotea. Wakati huo maelezo ya injini yake yalikuwa yamekwisha chapishwa, na mtu wa nchi yoyote angeweza kuyasoma.

Mwaka 1936 marafiki wawili wa jeshini walimtafutia wenye mitaji, wakaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Power Jets. Aprili 12, 1937, mjini Rugby, injini iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ikapandisha kasi yenyewe, ikapiga yowe, na alipofunga mafuta ikazidi. Waliokuwepo walikimbia. Whittle alibaki kwenye vishikio. Baadaye iligundulika kwamba mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani, kwa hiyo kufunga bomba hakukusaidia kitu mpaka yalipoungua yote.

Miaka iliyofuata ilimla mwili. Visu vilikatika, pesa zilikwisha, usingizi ukampotea. Alivuta sigara mfululizo, akatumia dawa za kumwamsha mchana na nyingine za kumlaza usiku, akakonda vibaya. Huko Ujerumani kijana aitwaye Hans von Ohain alikuwa akitengeneza injini yake, akiungwa mkono na tajiri wa kiwanda cha ndege, na Agosti 27, 1939 ndege yake ya jeti ikaruka kabla ya nyingine yoyote duniani. Ya Whittle iliruka Mei 15, 1941 huko Cranwell, kwa dakika 17. Injini yake, iliyozunguka karibu mara 16,500 kwa dakika, ilisukuma kwa nguvu ya kilo 390 hivi. Injini moja ya Dreamliner ya Air Tanzania husukuma kwa zaidi ya tani 28.

Mwaka 1944 serikali iliitaifisha Power Jets, na mwaka 1946 Whittle akajiuzulu kwenye bodi yake. Alistaafu jeshi mwaka 1948, akapewa tuzo ya pauni 100,000 na cheo cha Sir. Kwetu sisi, fedha hizo hazifuti habari ya zile pauni 5.

Kisha akawa mshauri wa shirika la ndege la Uingereza, BOAC, akizunguka nchi nyingi, Afrika ikiwemo, hadi 1952. Mwaka huo, Mei 2, Comet ya BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36, safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wa kulipa. Njiani ilitua Entebbe, Uganda. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilipokea abiria wa jeti kabla ya New York. Injini za Comet zilibuniwa na Frank Halford, lakini kompresa yake ilikuwa ya aina ya Whittle: gurudumu moja linalopokea hewa katikati na kuitupa pembeni, kama gurudumu la baiskeli linavyotupa tope. Miaka miwili baadaye Comet mbili zilipasuka angani. Kosa lilikuwa kwenye bodi la ndege, si kwenye injini.

Injini ya namna hiyo, ambayo nguvu yake yote ni gesi ya nyuma, huitwa turbojeti. Ina kasi, ina kelele, na inakunywa mafuta kupita kiasi. Whittle mwenyewe aliliona hilo mapema, na mwaka 1936 akasajili wazo la kuitumia turbini kusukuma pia hewa nyingi isiyopita motoni. Hiyo ndiyo turbofeni: feni kubwa mbele, na sehemu ya hewa yake inapita kando ya moto. Kusukuma hewa nyingi polepole kunakula mafuta kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. VC10 za East African Airways, zilizoanza kufika mwaka 1966, zilikuwa na turbofeni za mwanzo, Rolls-Royce Conway. Airbus A220 za Air Tanzania zina feni iliyowekewa gia. Feni hutaka kwenda taratibu na turbini hutaka kwenda mbio, kama mwenye mashine ya kusaga anavyochagua puli kubwa na ndogo. Ni uhodari mkubwa, ingawa mwaka 2022 baadhi ya ndege hizo zilikaa chini kwa matatizo ya injini.

Turbopropu nayo hutumia karibu nguvu yote ya turbini kuzungusha panga kupitia gia, na gesi inayotoka nyuma haina kazi kubwa. Ndivyo zilivyokuwa Fokker Friendship za zamani, na ndivyo zilivyo Bombardier za Q400 zinazobeba abiria 76. Kwa safari fupi na viwanja vifupi, jeti haizifikii kwa kubana matumizi. Ukifunga mhimili huo kwenye panga la juu, unapata helikopta. Ukiufunga kwenye jenereta, unapata umeme, kama mitambo ya gesi ya Kinyerezi.

Jeti kubwa zililiacha gurudumu la Whittle zamani, zikachukua safu nyingi za visu zinazopokezana hewa. Lakini kaangalie Cessna Caravan inapotua Mikumi. Bomba lake la moshi lipo karibu na pua, kwa sababu hewa huingia nyuma ya injini na kwenda mbele, na ndani, baada ya safu tatu za visu, lipo gurudumu moja la kutupa hewa pembeni.

Whittle alihamia Marekani mwaka 1976, akafundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Annapolis. Von Ohain naye alikuwa Marekani. Walikwisha kutana mwaka 1966 na wakawa marafiki, na mwaka 1991 walipewa pamoja tuzo moja kubwa ya uhandisi. Whittle alifariki Agosti 1996 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 89. Majivu yake yalirudishwa Uingereza, yakahifadhiwa kanisani Cranwell.