Siti binti Saad na Kazi ya Koo

Jina la Siti binti Saad si geni kwenu, maana Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mimi nataka kuligusa jambo moja tu, ambalo wanakwaya wenzangu hapa Vitengeni hulibishania kila tamasha la muziki likikaribia: je, sauti nzuri mtu huzaliwa nayo, ama hufundishwa?

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Kwao walikuwa maskini wafinyanzi, naye alibeba vyungu kwa miguu hadi mjini kuviuza, huku akiimba ili wateja wamsikie kutoka mbali. Sauti basi alikuwa nayo. Wasichana wa hivyo hata kwetu wako. Nendeni kwenye mwanzele mtawasikia. Lakini sauti ya kuuzia vyungu ni nusu ya safari.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki mmoja wa Nadi Ikhwan Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa 1905, alimsikia akajitolea kumfundisha kuimba na lugha ya Kiarabu. Taarab wakati huo ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Hebu fikirini mama wa miaka thelathini hivi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akianza upya! Uimbaji huo una kanuni kali. Ain hutoka kooni kwenyewe, vokali ndefu haifupishwi, pumzi huvutwa mahali pake wala si katikati ya neno, na sauti hufuata maqamu, ikipanda kwa hatua ambazo nyingine hata kinanda cha kanisani hakina. Hakuna azaliwaye na hayo. Sisi tukipewa mazoezi ya pumzi nusu saa tu twaanza kuangalia jua, ati njia ya nyumbani ni ndefu.

Alipoiva, Siti akaimba kwa Kiswahili, pamoja na kina Maalim Shaaban na Mbaruk aliyetoka Mombasa. Mwaka wa 1928 walikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za HMV. Wimbo wake niupendao ni Kijiti, kuhusu mwanamke mja mzito aliyeuawa. Muuaji akatoroka, kisha mashahidi wanawake ndio wakafungwa. Wasiojua kusoma gazeti waliipata habari hiyo kwa wimbo. Sasa jamani, mwimbaji akimeza neno moja hapo, nani ataelewa kesi ilivyokwenda?

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wanaowakataa wasichana kwenye kwaya ati sauti zao ni za shambani. Ya Siti ilitoka kwenye vyungu.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kumkuta hai na kuzungumza naye.