Jean Racine: yatima waliyemgombania wahakiki

Karibu kila mwaka tamthilia ya Phèdre huingia katika masomo yetu, na pamoja nayo hufuatana majina mengi: uhakiki wa kihistoria, wa kijamii, wa kisaikolojia, wa kimuundo. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza ni hili: njia ipi ndiyo ya kweli, ili waishike hiyo na kuziacha nyingine? Mimi niliyewatangulia kidogo naona jibu zuri ni kuwasimulia maisha ya mwandishi mwenyewe, kwa kuwa ni wachache ambao maisha na kazi zao zimevutwa huku na huku na wahakiki kama Jean Racine.

Racine alizaliwa mwezi wa Desemba 1639 katika mji mdogo wa La Ferté-Milon, kaskazini-mashariki ya Paris. Mama yake alifariki mwaka 1641, baba yake mwaka 1643. Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa yatima wa pande zote mbili, akabaki mikononi mwa babu na bibi. Babu naye alipofariki mwaka 1649, bibi alihamia kwenye monasteri ya Port-Royal, ambako shangazi wa mtoto alikuwa mtawa. Hapo ndipo kijana alipopata shule.

Port-Royal ilikuwa ngome ya Wajanseni, Wakatoliki wenye mafundisho makali: binadamu ameanguka, hawezi kujiokoa kwa nguvu zake, na neema ya Mungu humfikia yule tu ambaye Mungu amependa kumpa. Walimu wake walikuwa mabingwa wa Kigiriki, wakamfundisha hadi akaweza kuwasoma Sophocles na Euripides katika lugha yao. Lakini walimu hao hao waliona jukwaa la maigizo kuwa hatari kwa roho. Walimpa ufunguo, kisha wakamkataza mlango.

Racine aliufungua. Mwaka 1664 kundi la Molière liliigiza tanzia yake ya kwanza, La Thébaïde. Mwaka uliofuata alimpa Molière tamthilia ya Alexandre le Grand, na kabla siku hazijawa nyingi, ikaonekana inaigizwa pia na kundi pinzani la Hôtel de Bourgogne. Urafiki wao ukaishia hapo. Mwaka 1666, Pierre Nicole wa Port-Royal aliposhambulia watunzi wa maigizo, Racine alijibu kwa barua ya kejeli, akiwacheka watu waliomlea. Kisha ikaja miaka kumi ya ajabu: kuanzia Andromaque mwaka 1667 hadi Phèdre mwaka 1677, alitoa tanzia saba na komedia moja.

Phèdre iliigizwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1677. Siku mbili baadaye maadui zake walipandisha jukwaani tamthilia ya Pradon juu ya kisa kile kile, ili kumwangusha. Mwaka huo huo Racine alioa, akateuliwa pamoja na rafiki yake Boileau kuandika historia ya mfalme Louis wa 14, na akaliacha jukwaa. Alinyamaza miaka kumi na miwili. Tamthilia zake mbili za mwisho, Esther ya 1689 na Athalie ya 1691, zilitokana na ombi la Madame de Maintenon, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Saint-Cyr. Alipofariki tarehe 21 Aprili 1699, alizikwa Port-Royal kama alivyotaka. Baadaye mfalme aliibomoa monasteri, na mwaka 1711 mabaki yake yakahamishiwa kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, Paris.

Sasa niwaulize: kwa nini aliacha kuandika mwaka 1677? Mmoja atasema alitubu na kurudi kwa walezi wake. Mwingine atasema yatima aliyepanda ngazi hadi kwa mfalme hakuwa na haja tena ya waigizaji. Raymond Picard, profesa wa Sorbonne, alichunguza kwa makini mwaka 1956 safari hiyo ya kupanda cheo. Tukio ni lile lile, maelezo ni mawili. Maisha ya mwandishi hayajifasiri yenyewe. Nayo yanahitaji kuhakikiwa.

Tuchukue sehemu moja ya tamthilia. Phèdre, mke wa mfalme Thésée, anampenda Hippolyte, mtoto wa mume wake. Habari inafika kwamba mfalme amekufa, naye anamfunulia kijana siri yake. Mara, katika tendo la tatu, mfalme anarudi akiwa hai.

Anayelinganisha na Euripides ataona kwamba kwa Mgiriki, Phèdre mwenyewe ndiye anayemsingizia Hippolyte, kwa barua. Racine amemwachia yaya Œnone uongo huo, hatia ya malkia ikawa nzito kwa namna nyingine. Lucien Goldmann, mwaka 1955, aliwaunganisha Wajanseni na tabaka la maofisa wa sheria waliokuwa wakipokonywa nguvu na mfalme. Kwake tanzia ni maisha chini ya macho ya Mungu anayetazama bila kusema. Charles Mauron, mwaka 1957, alizipanga tamthilia moja juu ya nyingine, akatafuta ndani yake nafsi iliyofichika ya mwandishi. Kurudi kwa Thésée kunafanana na kurudi kwa Mithridate, baba mwingine aliyedhaniwa amekufa. Roland Barthes, mwaka 1963, alitazama nafasi na mamlaka: yupo mwenye nguvu zote juu ya mwingine, naye anampenda huyo asiyempenda.

Picard alikasirika. Mwaka 1965 alitoa kitabu kidogo kuwashutumu wahakiki wa aina mpya kwamba wanasema lolote bila kujali lugha na historia ya karne ya 17. Barthes akamjibu mwaka 1966. Ugomvi huo unatuhusu sisi hapa Kongo kuliko tunavyofikiri. Nyuma yake kuna swali: nani ana ruhusa ya kumsema Racine? Kama ni wenye nchi yake na wataalamu wa zama zake peke yao, basi sisi kazi yetu ni kunakili. Kama kila mtu anaweza kusema chochote, basi hakuna cha kujifunza.

Mimi nashika hivi. Picard ana haki kudai kwamba neno la Racine lieleweke kwanza kama lilivyoeleweka wakati wake. Barthes ana haki kwamba swali jipya linaweza kuonyesha kitu ambacho kilikuwa ndani ya maandishi bila kuonekana. Kwa hiyo msichague nadharia kama mtu anayechagua timu ya mpira. Someni kwanza tamthilia nzima, hata mara mbili, bila mhakiki. Kisha ulizeni kila njia inauliza nini. Mkiandika neno, wekeni kidole mahali penyewe katika tendo na onyesho panapolibeba. Mkikosa mahali, lifuteni, hata kama limesemwa na mtu mkubwa.

Racine alipewa Kigiriki na watu waliomkataza kukitumia alivyotaka, akakifanya chake. Nasi Kifaransa chake kimetufikia kwa njia ngumu, na hakuna haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kukisoma. Deni letu ni moja tu: kukisoma vizuri.