BI. GRACE HOPPER: UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia. Wengi walidhani nitamwandika Shaaban Robert. La! Nimemchagua mwanahesabu wa Marekani, Bi. Grace Hopper, na sababu yenyewe ilinipata ndani ya matatu.

Tulikuwa tunatoka Kangemi kwenda mjini. Tulipokaribia Westlands, mama mmoja aliyeketi kando yangu alitoa simu yake, kabambe ya vibonye iliyofungwa kwa mpira, akamtumia makanga nauli kwa M-Pesa. Menyu ilikuwa ya Kiswahili. Rafiki yangu akaninong'oneza ati hiyo si kompyuta, ni mulika mwizi tu. Mimi nilinyamaza nikawaza. Simu ile haina intaneti. Sasa hiyo programu ya M-Pesa inakaa wapi? Baadaye niliuliza nikaambiwa: inakaa ndani ya laini! Naam, ile kadi ndogo kama ukucha ina prosesa yake na kumbukumbu yake. Ni kompyuta kamili, ila ni maskini wa nafasi. Safaricom, ambao makao yao makuu tulikuwa tukiyapita pale Waiyaki Way, walianzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007, wakati kadi nyingi zilikuwa na kilobaiti 32 au 64 tu. Picha moja ya simu za leo haiwezi kuingia humo!

Je, ni nani aliyefikiria kwanza kwamba mashine inaweza kuzungumziwa kwa maneno ya watu? Hapo ndipo tunapokutana na Bi. Grace.

Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alizifungua saa 7 za kengele pale nyumbani ili aone zinavyokwenda, mpaka mama yake akamruhusu achezee moja tu. Alipotaka kuingia chuo cha Vassar alianguka mtihani wa Kilatini. Hakulia akakata tamaa. Alingoja mwaka mmoja akaingia. (Wenzangu tunaoogopa kurudia mtihani, tusikie hilo!) Mwaka wa 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia, na mwaka wa 1934 akapata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale. Jina la Hopper alilipata kwa mumewe, ambaye waliachana mwaka wa 1945.

Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, mwalimu huyu aliamua kujiunga na jeshi la wanamaji. Wakamwambia umri umepita na tena yeye ni mwembamba mno. Hakubali kushindwa mama huyu! Aliomba ruhusa maalum, akaingia Desemba 1943, na mwaka uliofuata akamaliza mafunzo akiwa wa kwanza darasani.

Alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Hebu fikirini: urefu wake ulikuwa karibu mita 15, uzito ulizidi tani 4, na kuzidisha namba mbili kulichukua sekunde 6 hivi. Kumbukumbu yake iliweka namba 72 tu. Jitu zima kama basi, lakini laini ya yule mama wa matatu inalishinda mbali sana. Hivyo Bi. Grace alijifunza kazi yake penye uhaba, ambapo kila nafasi ilihesabiwa.

Wengi husimulia kwamba yeye ndiye aliyebuni neno la kuita kosa la kompyuta mdudu, kwa sababu mwaka wa 1947 nondo alipatikana amekwama ndani ya mashine ya Mark II. Nondo alikuwepo kweli, lakini neno hilo lilitumiwa na mafundi miaka mingi kabla yake. Sifa zake ni nyingi, hahitaji kuongezewa.

Mwaka wa 1949 mambo yalimwendea vibaya. Nafasi yake Harvard ilikwisha, na kwa muda alizama katika ulevi. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi mashujaa huandikwa kama malaika, kumbe ni watu kama sisi. Alihamia Philadelphia kwenye kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC, akasimama tena.

Wakati huo kila mashine ilikuwa na lugha yake ya tarakimu, na programu ya mashine moja haikufaa kitu kwenye nyingine. Mwaka wa 1952 Bi. Grace na wenzake walitengeneza programu iliyokusanya vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha yenyewe. Aliiita kompaila. Watu hawakumsadiki. Walimwambia kompyuta ni ya kupiga hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Kisha akaja na jambo lililonifanya nimpende zaidi. Alitaka kuiamuru mashine kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Ili kuwaonyesha wakubwa wake kwamba mashine haijali maneno yenyewe, aliwaletea programu ileile kwa Kifaransa na Kijerumani pia. Wakubwa walishtuka! Iweje kompyuta iliyoundwa Philadelphia ielewe Kijerumani? Ilimbidi awaahidi kubaki na Kiingereza. Lakini sisi wa Chama cha Kiswahili tumeshaelewa: kama Kijerumani kinawezekana, Kiswahili kinakosa nini?

Lugha yake ya FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyotungwa na kamati kuanzia mwaka wa 1959. Desemba 1960 programu ileile moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za makampuni tofauti, UNIVAC na RCA. Mkalimani alikuwa amepatikana, aliyekaa kati ya mwandishi wa programu na chuma.

Na laini zetu zinahitaji mkalimani wa namna hiyo. Simu ni za makampuni mengi, kadi ni za makampuni mengi. Lazima pawe na jukwaa moja lililokubaliwa, ambapo kadi huiambia simu yoyote: onyesha menyu, uliza namba ya siri, tuma ujumbe. Mwaka wa 1996 ilitolewa Java Card (si ile hoteli ya kahawa!), inayowezesha programu moja kukaa katika kadi za watengenezaji mbalimbali. Bi. Grace hakuunda vitu hivi, ila njia iliyopitwa aliifyeka yeye na wenzake.

Alipenda pia kufundisha kwamba ng'ombe mmoja akishindwa kuvuta gogo, mkulima hafugi ng'ombe mkubwa zaidi, humwongezea wenzake. Alikuwa akitetea kompyuta nyingi ndogo zinazosaidiana. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ya hapa Nairobi ilianza kuuza mitambo ya sola yenye laini ndani, inayowasiliana na ofisi na kuwasha taa mteja akilipa kidogo kidogo. Si ndio wale ng'ombe?

Jeshi lilimstaafisha mwaka wa 1966, likamwita tena mwaka uliofuata. Aliondoka kabisa mwaka wa 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Katika mihadhara aliwagawia watu vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, urefu ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alifariki tarehe 1 Januari 1992. Manowari moja ya Marekani ina jina lake, na mwaka wa 2016 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais.

Wenzangu, tusingoje maabara kubwa ndipo tuanze. Na wasichana, msidanganywe kwamba kazi hii ni ya wavulana. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku nyingine ukiona menyu ya Kiswahili kwenye kabambe, usicheke. Mkumbuke mama mwembamba aliyewaambia wakubwa wake kwamba mashine haichagui lugha.