Imamu Al-Khalil bin Ahmad, Aliyetuwekea Irabu

Kila mtoto wa Kiislamu akaaye chuoni na ubao wake hufundishwa herufi, kisha hufundishwa irabu: fat-ha, kasra na dhumma. Lakini ni wachache wamjuao aliyeziweka alama hizo. Tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha yake, kwani mna mafunzo ndani yake kwa kila mwalimu na kila mzazi.

Naye ni Imamu Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa Mwarabu wa kabila la Azd, asili yake Oman, na alizaliwa kiasi cha mwaka 100 wa Hijra (718 Miladi). Alikulia Basra, katika nchi ya Iraki, akasoma kwa wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Abu Amr bin Al-Alaa, mmoja katika wasomaji saba wa Kurani. Ndiye aliyeipanga elimu ya arudhi, yaani mizani za mashairi. Na Sibawayhi, bingwa wa nahau, ni mwanafunzi wake.

Zamani maandishi ya Kiarabu yaliandikwa bila ya irabu, na aghlabu bila ya nukta. Bee, tee na thee zikawa na sura moja. Dini ilipowaenea wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yakazidi. Abul-Aswad Ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, akaweka nukta za rangi kuonyesha irabu. Kisha katika zama za Hajjaj zikatiwa nukta za kupambanua herufi zinazofanana. Basi ukurasa mmoja ukawa na nukta za namna mbili, na msomaji hana budi kutazama rangi ili ajue ipi ni ya herufi na ipi ni ya irabu.

Al-Khalil akaiondoa taabu hiyo. Irabu alizitoa katika herufi zenyewe: dhumma ni wau ndogo, fat-ha ni alifu ndogo iliyolazwa, na kasra asili yake ni yee ndogo iliyowekwa chini. Shada ni kichwa cha shini, na hamza ni kichwa cha aini. Wako walioona uzito kuzitia alama hizi katika Msahafu, wakashikamana na nukta za kale. Nazo zikatumika kwanza katika vitabu vya mashairi. Faida yake ilipodhihiri, zikaingia katika Misahafu pia.

Alipotaka kupanga kamusi yake, Kitabul-Ain, hakufuata mpango wa alifu, bee, tee. Alikuwa akifungua kinywa kwa alifu kisha akaitia herufi, akisema ab, at, agh, ili asikie sauti yatoka wapi. Akaanza na aini iliyoko kooni, akaja mpaka midomoni.

Juu ya elimu yote hiyo aliishi katika kibanda cha matete. Yasimuliwa kuwa liwali wa Ahwaz alimpelekea mjumbe kumwita, naye akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamjulisha kuwa maadamu anao huo hana haja na liwali.

Alifariki Basra baina ya mwaka 170 na 175 wa Hijra (786 hadi 791 Miladi). Yasimuliwa kuwa alikuwa akitafuta njia nyepesi ya hesabu, hata kijakazi aendapo dukani asipunjwe. Akaingia msikitini hali amezama katika fikira, akajigonga na nguzo, ikawa ndiyo sababu ya mauti yake.

Ndugu zetu, tutazame hali ya baadhi ya vyuo vyetu. Mtoto huimba tangu alifu mpaka yee bila ya kukwama, na wazee wakafurahi. Lakini mwalimu akiweka kidole juu ya khee peke yake, mtoto hurejea kwenye alifu ndipo aifikie. Huyo amehifadhi wimbo, hajaijua herufi. Kisha hupigwa, na kasoro si yake. Mtoto na aonyeshwe herufi chache, asikie sauti zake, azitamke, azitambue hata zikichanganywa. Ndipo aongezewe nyingine. Na anayedhani kuwa kumrahisishia mtoto ni uzushi, na akumbuke kuwa irabu anazozisomea zilikuwa mpya siku moja.

Imamu mkubwa kama huyu alikufa akimfikiria kijakazi. Sisi tutashindwaje kumfikiria mtoto wa miaka mitano? Mwenyezi Mungu atuwafikishe.