Charles Best: Aliyeitoa heparini machinjioni na kuifikisha hospitalini

MFANYABIASHARA wa ng'ombe anajua kwamba nyama ina bei yake, ini lina bei yake, na mapafu mara nyingi hutolewa kama nyongeza tu. Charles Herbert Best, mwanasayansi wa Kanada ambaye dunia inamkumbuka kwa insulini, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akihangaika na vitu hivyo hivyo: kongosho, ini na mapafu ya ng'ombe wa machinjio ya Toronto.

Best alizaliwa Februari 27, 1899, katika mji mdogo wa West Pembroke, jimbo la Maine nchini Marekani, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Wazazi wake walikuwa Wakanada, na baba yake alikuwa daktari upande ule wa Marekani. Kijana huyo alikulia mpakani, kisha akavuka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Toronto. Vita Kuu ya Kwanza ilimkatiza masomo, akaingia jeshini, halafu akarudi darasani.

Mwaka 1921 bahati ilimwangukia kwa njia ya ajabu. Daktari kijana, Frederick Banting, alipewa nafasi katika maabara ya Profesa John Macleod ili atafute dawa ya kisukari kwenye kongosho la mbwa. Alihitaji msaidizi, na wanafunzi wawili walikuwepo, Best na Clark Noble. Wakarusha sarafu kuamua nani aanze, Best akashinda. Mpango ulikuwa wapokezane, lakini Best akabaki hadi mwisho.

Januari 11, 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa dawa waliyoitengeneza. Haikumsaidia sana kwa sababu ilikuwa na uchafu mwingi. Mkemia James Collip aliisafisha, na siku 12 baadaye mvulana yule alichomwa tena, safari hii sukari ikashuka.

Nadhani hapo ndipo Best alipojifunza jambo lililomwongoza miaka yote iliyofuata: kuipata dawa ni nusu ya kazi, kuisafisha ni nusu ya pili. Alipewa kusimamia utengenezaji wa insulini katika Maabara ya Connaught ya chuo hicho, akiwa na umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunatafuta mtaji wa kwanza.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 walipewa Banting na Macleod. Best hakutajwa. Banting alikasirika na kumgawia nusu ya fedha zake, naye Macleod akagawana zake na Collip. Haki ya hataza ya insulini iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mhusika. Suala la nani hasa aliyegundua insulini lilimsumbua Best mpaka uzeeni, na wanahistoria wanaona kwamba wakati mwingine aliuvuta upande wake kupita kiasi.

Alioa mwaka 1924, akaenda London kusoma zaidi chini ya Henry Dale, na mwaka 1929, akiwa na miaka 30, akarithi kiti cha uprofesa cha Macleod. Ndipo akaigeukia heparini.

Heparini haikuwa mpya. Mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alipata kwenye ini la mbwa kitu kinachozuia damu isigande. Mwalimu wake, William Howell, ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1918, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini.

Ni moja ya zile sukari ndefu, zilizoungana kama mnyororo, ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Wataalamu waliziita mukopolisakaridi. Nduguye ni ule ute unaolainisha viungo vya magoti, ambao leo hutumika katika upasuaji wa macho na kuchomwa kwenye magoti yanayouma.

Tatizo ni kwamba heparini iliyokuwa ikiuzwa wakati huo ilikuwa chafu na ghali. Waliochomwa walipata homa, kichefuchefu na kuumwa kichwa. Ilifaa kwenye chupa za maabara, si ndani ya mtu.

Best aliwakabidhi wakemia wawili, Arthur Charles na David Scott, kazi ya kuisafisha. Walianza na ini la ng'ombe. Lilisagwa na kuachwa lioze kwanza ili heparini iachie, na harufu yake ikawa haivumiliki. Kazi hiyo ikabidi ihamishiwe kwenye shamba la Connaught nje ya mji.

Halafu soko nalo likaingilia. Viwanda vya chakula cha mbwa na paka vilikuwa vinanunua ini, bei ikapanda. Best na wenzake wakahamia kwenye mapafu, ambayo yalikuwa rahisi na hayakuwa na mnunuzi mkubwa, wakakuta kumbe nayo yana heparini ya kutosha.

Kwa upande wa hospitali, Best alimwingiza daktari bingwa wa upasuaji, Gordon Murray. Walijaribu kwanza kwa wanyama, na mwaka 1935 wakaanza kwa binadamu. Kufikia mwaka 1937 walikuwa na heparini safi, na ile homa ya zamani ikawa imekwisha. Murray sasa aliweza kushona mishipa ya damu bila kuhofu kwamba itaziba kabla mgonjwa hajatoka kitandani. Huko Sweden, Erik Jorpes, aliyekuwa amefika Toronto mwaka 1929, alifanya kazi kama hiyo na kueleza muundo wake wa kikemia.

Bila dawa hiyo, mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, aliyoitumia Willem Kolff Uholanzi mwaka 1943, isingefanya kazi, kwa kuwa damu ingeganda ndani ya mirija. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine iliyoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji wa John Gibbon mwaka 1953.

Kwa msomaji anayekaa kwenye basi au lori siku mbili, jambo hili liko karibu kuliko anavyodhani. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huweza kusababisha donge la damu kwenye mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usiukande wala usingoje ufike nyumbani. Donge likikatika na kupanda kwenye mapafu linaua. Heparini ni miongoni mwa dawa za kwanza ambazo daktari huzifikiria, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Malighafi nayo imebadilika. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Ulaya na Marekani ziliacha mapafu ya ng'ombe, na leo heparini nyingi duniani hutoka kwenye utumbo wa nguruwe, hasa wa China. Msomaji Mwislamu ana haki ya kumuuliza daktari asili ya dawa yake.

Mwaka 2008, miaka 30 baada ya kifo cha Best, mzigo wa heparini kutoka China ulikutwa umechanganywa na kondroitini iliyogeuzwa kikemia. Hiyo ni ndugu wa heparini, bei yake ni ndogo, na vipimo vya wakati ule havikuweza kuvitofautisha. Wagonjwa nchini Marekani walishuka shinikizo la damu ghafla, na vifo kadhaa vikahusishwa nayo. Anayenunua dawa kwa bei ya kutupwa mpakani akumbuke kwamba waliodanganywa safari ile walikuwa na maabara.

Best mwenyewe hakustaafu haraka. Katika Vita Kuu ya Pili alisimamia ukaushaji wa seramu ya damu kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa, na Banting alipokufa kwa ajali ya ndege Februari 1941, akashika idara yao ya utafiti.

Alifariki dunia Toronto, Machi 31, 1978, akiwa na miaka 79. Alizikwa katika makaburi ya Mount Pleasant, ambako Banting alikuwa amelala tangu mwaka 1941.